Waya inayokumbuka umbo lake: metali iliyomo ndani ya kizibo cha tundu la moyo

Wananchi wanaofuatilia taarifa za sekta ya afya wamezoea kusoma kwamba Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) imeziba tundu kwenye moyo wa mtoto bila kufungua kifua. Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, nayo ina chumba maalumu cha matibabu ya moyo kwa njia ya mishipa, kinachofahamika kama Cathlab. Kwa sababu hiyo, tiba za moyo za aina hii hazitajwi tena kama jambo la Dar es Salaam peke yake. Taarifa hizo hueleza idadi ya wagonjwa, mchango wa madaktari bingwa na gharama zilizookolewa kwa kutopeleka wagonjwa nje ya nchi. Kifaa chenyewe kinachobaki moyoni baada ya daktari kuvua glavu hutajwa kwa neno moja tu: kizibo.

Kizibo hicho kinastahili maelezo zaidi ya neno moja. Ni sahani mbili ndogo zilizofumwa kwa waya nyembamba na kuunganishwa katikati na kiuno chembamba. Sahani moja hukaa upande mmoja wa ukuta wa moyo, ya pili upande wa pili, na kiuno hulijaza tundu. Viuno vya vifaa hivyo hutengenezwa kwa vipimo vingi, kuanzia milimita 4 hadi karibu 40. Hata hivyo mrija unaokibeba kutoka kwenye mshipa wa paja hadi moyoni una kipenyo cha milimita chache tu. Daktari hukivuta kifaa mpaka kinyooke kama kamba, hukiingiza ndani ya mrija, hukisukuma hadi kwenye tundu, kisha hukiachia. Kinapotoka kwenye mdomo wa mrija, kinarudia umbo la sahani mbili kana kwamba hakijawahi kunyooshwa.

Waya ya chuma cha kawaida haiwezi kufanya hivyo. Ukiinyoosha kiasi hicho itabaki imenyooka, au itakatika. Waya ya kizibo imetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani unaoitwa nitinoli, mmoja wa metali ambazo wahandisi huziita aloi zinazokumbuka umbo.

Kumbukumbu hiyo inatokana na namna atomi zilivyopangwa. Katika metali yoyote atomi hukaa kwa safu, kama askari wa gwaride. Chuma kinapokunjwa kupita kiasi, safu huteleza: askari huacha jirani yake wa awali na kusimama karibu na mwingine. Baada ya hapo hakuna anayejua alikotoka, na umbo jipya linakuwa la kudumu. Katika nitinoli jambo jingine hutokea. Metali ikiwa ya moto, safu zake husimama wima na kwa mraba. Hali hiyo huitwa austenaiti. Ikipoa, safu zote huinama kwa pamoja, baadhi kulia na baadhi kushoto, bila askari yeyote kumwacha jirani yake. Hali hii ya pili huitwa martensaiti, jina linalotokana na mtaalamu wa metali wa Ujerumani, Adolf Martens. Metali ikiwa katika hali ya martensaiti inakunjika kwa urahisi, kwa kuwa walioinama kushoto wanaweza kugeukia kulia. Lakini ujirani haujavunjika. Ikipashwa moto tena, kila safu husimama wima, na kwa kuwa kila atomi bado ina majirani wake wa zamani, kuna njia moja tu ya kusimama: ile ya mwanzo.

Mabadiliko haya hayahitaji metali kuyeyuka. Inabaki ngumu mwanzo hadi mwisho, na atomi husogea umbali mdogo kuliko nafasi iliyopo kati ya atomi na atomi. Ndiyo maana hutokea haraka.

Nitinoli iligunduliwa nchini Marekani katika maabara ya silaha za jeshi la majini huko White Oak, Maryland, na jina lake limeundwa kutokana na majina ya metali hizo mbili na herufi za kwanza za maabara hiyo. William Buehler alikuwa akitafuta metali inayostahimili joto na mshtuko kwa ajili ya makombora. Mwaka 1961, kipande cha ukanda wa nitinoli kilichokunjwa mara nyingi kama kinanda cha mkono kilipitishwa mezani katika kikao cha wakuu wa maabara ili waone kinavyostahimili kukunjwa. Mmoja wa waliohudhuria, David Muzzey, alikuwa na kiberiti cha gesi cha kuwashia kiko chake, akakipasha kipande hicho moto. Kikajinyoosha mbele ya wote. Frederick Wang, aliyefanya kazi na Buehler, ndiye aliyeshughulikia maelezo ya kinachotokea ndani ya safu za atomi.

Jambo linaloamua metali hiyo itabadilika katika joto gani ni uwiano wa metali hizo mbili. Kwa hesabu ya atomi, nitinoli ni karibu nusu kwa nusu. Kwa uzito nikeli hufikia takriban asilimia 55. Nikeli ikizidi nusu, ongezeko la sehemu moja tu katika kila atomi elfu moja hushusha joto la mabadiliko kwa nyuzi kumi hivi. Kiwanda kikikosea kwa kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi hata kukiona, waya iliyokusudiwa kufanya kazi mwilini itafanya kazi kwenye jiko au kwenye jokofu.

Kwa kizibo cha moyo, joto la mabadiliko huwekwa chini ya nyuzi joto 37, ambalo ni joto la mwili. Metali hiyo ikiwa mwilini inataka kuwa austenaiti wakati wote. Inaponyooshwa ili kuingia kwenye mrija, nguvu ya kuivuta hulazimisha safu ziinamie kwenye martensaiti. Nguvu hiyo ikiondolewa, safu husimama zenyewe bila kuhitaji moto. Kwa njia hii waya ya nitinoli inaweza kurefushwa hadi asilimia 8 na kurudi ilivyokuwa, ilhali chuma cha kawaida hupotoka moja kwa moja kabla ya kufikia asilimia moja. Waya za kunyoosha meno ambazo vijana wengi huvaa siku hizi hutumia tabia hiyo hiyo: husukuma jino polepole kwa nguvu isiyopungua sana, badala ya kulibana kwa nguvu siku ya kwanza na kulegea wiki inayofuata.

Umbo linalokumbukwa nalo lazima lifundishwe. Waya iliyofumwa hufungwa kwenye kalibu yenye umbo la sahani mbili, huingizwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 500 kwa dakika kadhaa, kisha hupozwa ghafla. Baada ya hapo husafishwa na kung'arishwa mpaka ibaki na ngozi nyembamba sana ya oksidi ya titani. Ngozi hiyo ndiyo inayoizuia nikeli isiingie kwenye damu.

Hadi hapa maelezo yanahusu uwezo wa kurudi mara moja. Moyo una madai makubwa zaidi ya hayo.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Chinangali anayetaka kukata waya ya shambani bila koleo hufanya kile ambacho kila fundi anakijua: huikunja mahali pamoja huku na huko mpaka inakatika. Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuivunja, ila idadi ya mikunjo inaimaliza. Wahandisi huita hali hii uchovu wa metali. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani aliyepima ekseli za mabehewa katikati ya karne ya 19, alionyesha kwamba metali huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kabisa endapo mzigo huo utarudiwa mara nyingi vya kutosha, na kwamba kwa chuma upo mzigo wa chini ambao unaweza kurudiwa bila kikomo.

Moyo wa mtu mzima unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku na karibu mara milioni 37 kwa mwaka. Wa mtoto hupiga kwa kasi zaidi. Mtoto wa miaka mitano atakayewekewa kizibo na kuishi nacho miaka 60 atakuwa amekitikisa zaidi ya mara bilioni mbili. Kila pigo ni mkunjo mdogo. Swali la mhandisi, na kwa kweli la mzazi pia, ni kama mkunjo huo ni mdogo vya kutosha.

Kwa nitinoli, jibu lake si lile ambalo msomaji angelitarajia. Metali inayoweza kuvutwa asilimia 8 na kurudi haiwezi kuvutwa kiasi hicho kila siku. Vipimo vya waya za matibabu vimeonyesha kwamba ili ihimili mamilioni ya mizunguko, kupanda na kushuka kwa mvutano katika kila mzunguko kunatakiwa kubaki chini ya takriban nusu ya asilimia moja. Asilimia 8 ni ya safari moja ndani ya mrija. Maisha yote yanayofuata ni ya nusu asilimia. Kwa hiyo daktari anapochagua kipimo cha kizibo hachagui tu kinacholingana na tundu. Kikiwa kikubwa mno, kitabaki kimebanwa na kusugua ukuta wa moyo. Kikiwa kidogo mno, kitacheza na huenda kikachomoka. Saa ambazo wazazi huzitumia kusubiri vipimo vya mwangwi wa moyo kabla ya kazi yenyewe zinahusika moja kwa moja na muda ambao kifaa hicho kitadumu.

Ufa wa uchovu hauanzi popote tu. Huanzia mahali penye dosari: mkwaruzo juu ya waya, au chembe ngeni iliyonaswa ndani yake wakati wa kuyeyusha. Titani ikiwa ya moto hunyakua hewa na kaboni kwa pupa, hivyo nitinoli huyeyushwa katika ombwe, na mara nyingi huyeyushwa zaidi ya mara moja. Bado chembe za kabidi na oksidi za titani hubaki. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa nitinoli ya vifaa tiba, ASTM F2063, hakiruhusu chembe inayozidi maikromita 39, ambazo ni chini ya nusu ya unene wa unywele wa watu wengi. Waya ya kizibo yenyewe si nene sana kuliko unywele, hivyo chembe ya ukubwa huo ndani yake ni kama jiwe ndani ya tofali.

Watengenezaji hupima kwa kuharakisha wakati. Kifaa huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye nyuzi joto 37 na kupigwapigwa na mashine mpaka kifikishe takriban mizunguko milioni 400, ambayo ni mapigo ya moyo ya miaka kumi na ushee. Mashine inayopiga mara 50 kwa sekunde huhitaji zaidi ya miezi mitatu, usiku na mchana, kumaliza kazi hiyo. Kipimo hicho hakifikii miaka 60. Kinachopunguza wasiwasi ni kwamba kizibo hakibaki waya tupu. Katika miezi sita hivi ya mwanzo, ngozi laini ya ndani ya moyo hukua juu yake na juu ya kitambaa kilichoshonwa ndani yake, na baada ya hapo tundu linazibwa kwa pamoja na mwili na metali.

Mzigo wa uchovu ni mkubwa zaidi pale nitinoli inapotakiwa kubadilika kwa joto tena na tena, kama inavyokuwa kwenye vifaa vya kusukuma na kuvuta. Waya ya aina hii ikipitishiwa umeme hupata moto, husimamisha safu zake na kufupika. Umeme ukikatwa hupoa, na springi huivuta irudi ilivyokuwa. Hakuna mota, hakuna gia, hakuna kelele. Chombo kidogo cha Marekani kilichotembea juu ya sayari ya Mirihi mwaka 1997, Sojourner, kilikuwa na waya kama hiyo ya kusogeza kifuniko katika jaribio la kupima vumbi linalotua juu ya kioo cha seli ya jua. Gari la Chevrolet Corvette la toleo la mwaka 2014 lilitumia waya hiyo kufungua tundu la hewa ili buti lifungike kwa urahisi.

Tofauti na kizibo, waya hizi hupita kikamilifu kutoka hali moja hadi nyingine katika kila mzunguko, na zinachoka kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya waya ya zabibu: ufa, kisha kukatika. Ya pili ni ya kusahau. Kila mara safu zinapoinama na kusimama, atomi chache kwenye mipaka hukosa nafasi yake. Baada ya maelfu ya mizunguko, vipande vidogo vya martensaiti hukwama na havisimami tena hata vikipashwa moto. Waya haijakatika, lakini imerefuka, mvuto wake umepungua, na joto inalobadilikia limehama. Kwa mtu anayetegemea waya hiyo kufungua valvu, kusahau ni hasara sawa na kukatika. Kwa sababu hiyo viwanda huizungusha waya mara nyingi kabla ya kuiuza ili imalize sehemu kubwa ya kusahau kwake kiwandani, na hushauri ivutwe asilimia chache tu, si nane.

Hali ya hewa ya nyanda za kati inaongeza jambo la kuzingatiwa na yeyote atakayebuni kifaa cha namna hiyo kwa matumizi ya hapa. Waya nyingi za kibiashara hubadilika katika nyuzi joto 70 au 90. Sanduku la chuma lililoachwa juani Dodoma mwezi Novemba, kabla mvua hazijaanza, hupata joto kali kuliko hewa inayolizunguka. Waya ya nyuzi 70 iliyofungiwa humo inaweza kuanza kujivuta bila kuamriwa, au ikachelewa kupoa na hivyo kuchelewa kurudi. Ile ya nyuzi 90 ni salama zaidi, ingawa hula umeme mwingi.

Watafiti wanajua pa kutafuta waya isiyosahau. Uchovu huu unatokana na mpaka kati ya hali mbili: safu zilizosimama na zilizoinama hazilingani sawasawa zinapokutana, kama mlango uliovimba kwa mvua usioingia vizuri kwenye fremu yake. Kila unapofungwa kwa nguvu, mbao humeguka kidogo. Aloi ikichanganywa kwa uwiano unaofanya hali hizo mbili zikutane bila kubanana, mlango hufungwa kwa kidole. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Kiel nchini Ujerumani na Maryland nchini Marekani walitangaza utando mwembamba wa titani, nikeli na shaba uliobadilika mara milioni 10 bila kuonyesha kuchoka. Ulikuwa utando, si waya ya kuvuta mzigo, na umbali kutoka maabara hadi wodini bado ni mrefu. Hata hivyo matokeo hayo yalithibitisha kwamba kuchoka kwa metali hizi kunaweza kupunguzwa sana.

Nusu ya habari hii inaweza kuokotwa juu ya ardhi ya Dodoma. Haneti, katika Wilaya ya Chamwino kaskazini mwa jiji, inafahamika kwa krisoprasi, kito cha kijani kinachosonarwa kwenye pete na mikufu. Kijani chake ni nikeli. Makampuni yamekuwa yakitafiti eneo hilo kutafuta nikeli yenyewe, na kwa kiwango kikubwa zaidi upo mradi wa Kabanga wilayani Ngara, ambao Serikali iliusainia makubaliano Januari 2021 na kupata asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel, pamoja na mpango wa kusafisha madini hayo Kahama.

Ni vyema kutotia chumvi katika jambo hili. Kati ya nikeli iliyosafishwa na kizibo cha moyo kuna tanuri la ombwe, uwiano wa atomi unaohesabiwa kwa sehemu moja ya elfu, na kipimo cha maikromita 39. Nikeli ya Kabanga inatajwa zaidi kwa ajili ya betri za magari, na soko lake liko huko. Lakini sera ya kuongeza thamani ya madini nchini ina maana halisi pale inapoeleweka kwamba thamani ya nitinoli haitokani na uzito wake. Gramu chache za waya hiyo zikiwa kizibo huuzwa kwa bei isiyofanana hata kidogo na bei ya nikeli na titani zilizomo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kifaa kisicho na ubora hakitambuliki kwa kukitazama. Waya yenye chembe kubwa hung'aa sawa na waya safi na hurudi umbo lake sawasawa siku ya kwanza. Tofauti huonekana baada ya mapigo milioni kadhaa, kifaa kikiwa tayari kifuani mwa mtu. Usajili na udhibiti wa vifaa tiba nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na hospitali hutakiwa kutumia vifaa vinavyofuata utaratibu huo. Mzazi anaposikia kwamba matibabu yameahirishwa kwa sababu kifaa chenye kipimo kinachofaa hakijafika, ana haki ya kusikitika. Kuweka kilichopo tu, hata hivyo, kungekuwa kosa kubwa zaidi.

Si kila tundu linafaa kuzibwa kwa njia hii. Tundu linalokosa kingo za kutosha za kushikilia sahani, au lililo karibu mno na valvu, bado linahitaji upasuaji wa kufungua kifua, na uamuzi huo hufanywa na jopo la madaktari baada ya vipimo. Mzazi ambaye mtoto wake hupata vipele akivaa hereni au mkanda wenye nikeli anapaswa kumweleza daktari mapema. Baada ya kizibo kuwekwa, wagonjwa wengi huandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda juu ya waya, kwa kawaida kwa miezi sita, kipindi ambacho ngozi ya moyo bado haijafunika kifaa. Katika kipindi hicho hicho maambukizi ya meno na ngozi hayapaswi kupuuzwa, kwa kuwa vijidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kujishikiza kwenye metali iliyo wazi.

Ratiba ya kliniki hupangwa kwa kufuata mwenendo huo: ziara za karibu karibu mwanzoni, kisha za mbali. Kipimo cha mwangwi wa moyo huonyesha kama sahani zimekaa palepale na kama damu bado inapenya. Mgonjwa hupewa kadi yenye jina la kifaa, kipimo chake na tarehe kilipowekwa. Kadi hiyo huulizwa pia miaka mingi baadaye, katika hospitali yoyote atakakopelekwa kupigwa picha kwa mashine ya sumaku ya MRI, na isipopatikana kipimo huweza kuahirishwa mpaka kumbukumbu za kifaa zipatikane.